Matende na kichocho: Kwa nini tembe ya jirani humezwa na wengi

Na Daktari Wetu

Mtaa wa Landless hapa Thika una jina la watu wasio na ardhi, lakini jaribu kuutembelea siku mbili kabla ya Krismasi. Utakuta ploti nzima nzima zimefungwa kufuli, na wapangaji wamo ndani ya matatu, kila mmoja akielekea kwao: Kirinyaga, Kitui, Homa Bay, Busia, Kilifi, Lamu. Mkaaji wa mji ana makao mawili, na mwili wake hubeba ya huku na ya huko.

Ndiyo maana daktari wa mtaa kama huu huulizwa maswali ambayo mtu angedhani ni ya zahanati ya mashambani. "Daktari, mama amepiga simu kutoka Kilifi. Anasema kuna watu wanapita nyumba kwa nyumba wakigawa tembe za matende, kwa wagonjwa na wazima pia. Ameze au asimeze?" Naye kijana mzaliwa wa Mwea, aliyekuja kutafuta kibarua katika viwanda vya Thika, huuliza: "Wadogo zangu hupewa dawa ya minyoo shuleni. Mbona sisi watu wazima hatupewi? Kwani minyoo huogopa mtu mwenye ndevu?"

Mpenzi msomaji, maswali haya mawili yana uzito kuliko wanavyodhani wenye kuyauliza. Leo tutaeleza ni kwa nini kijiji kizima humezeshwa dawa kwa pamoja, na hasa ni nani anayefaa kuigawa. Jibu la hilo la pili limechukua miaka mingi kupatikana, na bado wako wakubwa wasiolizingatia.

Maradhi yaliyoachwa nyuma

Shirika la Afya Duniani (WHO) lina orodha ya makundi 21 ya maradhi yaitwayo maradhi ya kitropiki yaliyosahauliwa. Yamesahauliwa kwa sababu huwapata maskini, na mengi hayaui kwa ghafla. Huua kidogo kidogo, au huacha mtu hai akiwa kipofu, kiwete au mwenye aibu ya kukaa na wenzake. Sehemu ya maradhi hayo hutibiwa kwa kuwagawia watu wote dawa kwa wakati mmoja, na hapa tutataja manne.

Matende huletwa na minyoo myembamba kama uzi, ambayo hupitishwa na mbu kutoka mtu hadi mtu. Minyoo hiyo hukaa katika mishipa ya limfu na kuiharibu. Baada ya miaka mingi mguu huvimba na ngozi yake kuwa ngumu, au mwanamume huvimba mfuko wa korodani, yaani busha. Nchini Kenya ugonjwa huu umo katika kaunti za Pwani: Kwale, Mombasa, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta.

Kichocho mtu hukipata majini. Vijidudu hutoka kwa konokono wadogo na kupenya ngozi ya yeyote aliyesimama ndani ya maji hayo. Kule Pwani kilichoenea ni kichocho cha kibofu, ambacho hufanya mtu akojoe damu. Katika mashamba ya mpunga ya Mwea na kando ya Ziwa Victoria kilichoenea ni kile cha matumbo, na hiki huharibu ini.

Safura ni minyoo ya tumboni ambayo huingilia nyayoni, ikanyonya damu mpaka mtu akapauka na kuchoka kabla ya adhuhuri.

La nne ni ugonjwa wa usubi, au upofu wa mitoni. Huenezwa na inzi weusi wadogo wanaozaliana katika mito iendayo kasi. Huwasha ngozi kupita kiasi, na hatimaye hupofusha macho. Uganda, Tanzania na Kongo wanaujua vyema. Kenya nayo ilikuwa nao huko Nyanza, lakini katika miaka ya 1940 na 1950 wakoloni walimwaga dawa ya DDT mitoni, wakawamaliza inzi hao. Kazi hiyo ilifanywa na maofisa na mapipa yao, na hakuna mwanakijiji aliyeombwa maoni. Ilifaulu, ingawa leo hakuna mtu mwenye akili timamu angekubali kumwaga DDT katika mto ambao watu wanateka maji. Tukumbuke jambo hili, kwani lina maana kwa dawa tutakazozitaja mbele.

Kwa nini mzima naye ameze

Watu wengi hukataa tembe kwa sababu moja tu: hawaumwi. Nao wana haki ya kushangaa. Sisi madaktari ndio tuliowafundisha kwamba mtu hupimwa kwanza, kisha hupewa dawa.

Lakini angalia tabia ya mnyoo wa matende. Mnyoo mkubwa huishi mwilini miaka sita hadi minane, na kila siku huzaa vitoto vingi visivyoonekana kwa macho, ambavyo huzunguka katika damu. Mbu akimuuma mtu huyo hufyonza vitoto hivyo na kuvipeleka kwa jirani. Mwenye vitoto hivyo katika damu aghalabu haumwi na mguu haujavimba. Yeye ndiye ghala la ugonjwa, wala hajijui. Yule ambaye mguu wake umekwisha kuvimba, mara nyingi damu yake haina tena vitoto.

Dawa tulizo nazo huua vitoto kwa wingi, lakini mnyoo mkubwa hauziogopi sana. Kwa sababu hiyo dawa hurudiwa mara moja kila mwaka kwa miaka kadhaa, ili damu ya watu isiwe na kitu cha kumpa mbu mpaka minyoo mikubwa izeeke na kufa. Kwa matende, WHO hutaka angalau watu 65 kati ya kila 100 wanaoishi mahali hapo wameze kila mwaka. Kwa usubi hutaka 80, na mnyoo wake mkubwa huishi hata miaka 15. Sasa fikiria kijiji ambacho watu 40 kati ya 100 hawamezi, na ni wale wale kila mwaka. Mbu atapata chakula chake kwao, na wale 60 wanaomeza watakuwa wanateka maji kwa tenga.

Kuna jambo jingine lililoleta matata. Vitoto vya mnyoo wa matende hujitokeza katika damu ya juu usiku, kwa kuwa usiku ndio wakati wa mbu. Hivyo kwa miaka mingi watafiti walilazimika kuwatoa watu damu kati ya saa nne za usiku na saa nane. Hebu jiweke mahali pa mwanakijiji wa Pwani aliyelelewa kwa hadithi za mumiani wanaonyonya watu damu gizani. Anabishiwa hodi usiku wa manane na watu wageni wenye gari la serikali, sindano na vichupa. Je, kesho wakirudi na tembe atazimeza? Siku hizi kuna kipimo cha tone la damu ya kidole ambacho hufanyika mchana, lakini kumbukumbu ya usiku ule haifutiki upesi.

Dawa ya bure iliyokosa miguu

Mnamo 1987, kampuni ya Merck ya Marekani ilitangaza kwamba ingetoa bure dawa ya usubi, ivamektini, ijulikanayo kama Mectizan, kwa kiasi chochote kitakachohitajika na kwa muda wote utakaohitajika. Chanzo cha dawa hii ni kiini kilichopatikana katika udongo wa Japan. Satoshi Ōmura aliyekigundua, na William Campbell aliyeshughulika na dawa yenyewe huko Marekani, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2015.

Basi dawa ilikuwapo, salama, ya kumezwa mara moja kwa mwaka, na haina bei. Hata hivyo haikuwafikia watu. Wagonjwa wa usubi huishi kando ya mito, mahali ambapo barabara imekwisha kitambo. Mwanzoni dawa ilipelekwa na vikosi vya wauguzi waliotumia magari. Kikosi kilifika siku kilichoipanga chenyewe, kikapanga watu foleni, kikagawa, kikaondoka. Aliyekuwa shambani au sokoni alikosa. Mafuta ya gari yalipoisha, hata kikosi hakikufika. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka.

Katikati ya miaka ya 1990, WHO na washirika wake walijaribu njia nyingine katika nchi tano, Uganda ikiwamo. Vijiji vingine viligawiwa dawa kwa mpango uliotungwa na maofisa. Vingine viliambiwa hivi: dawa ni hizi, ugonjwa ni huu, panga ninyi wenyewe. Mtachagua mgawaji wenu. Mtaamua mwezi gani unafaa, mradi usigongane na msimu wa kupanda. Mtaamua kama mtagawa nyumba kwa nyumba au chini ya mti mmoja. Vijiji vilivyojipangia havikushindwa na vile vilivyopangiwa, na mahali pengi vilivipita. Mpango wa Afrika wa Kudhibiti Usubi (APOC), ulioanza 1995 na kufungwa 2015, uliichukua njia hiyo kuwa njia yake. Kufikia miaka yake ya mwisho zaidi ya watu milioni 100 walikuwa wakipata dawa kila mwaka kutoka kwa mikono ya wanakijiji wenzao.

Mtu atauliza, mwanakijiji asiyesoma udaktari atajuaje kipimo cha dawa? Hapa ndipo palipotumiwa akili ambayo mimi huipenda sana. Badala ya mizani, ambayo ni ghali na huharibika, mgawaji hupewa ufito wenye alama. Mtu husimama kando yake. Akifika sentimita 90 hupata tembe moja, akifika 120 hupata mbili, akifika 141 hupata tatu, na akipita 158 hupata nne. Asiyefika alama ya kwanza hapewi. Kazi iliyobaki ni kuandika jina katika daftari, na kuhakikisha kwamba dawa imemezwa papo hapo, haikutiwa mfukoni.

Hatua za miguu za Uganda

Hata hivyo njia hii ilikuwa na kasoro zake, nazo zilionekana Uganda. Wagawaji wengine walianza kwa bidii kisha wakaacha, au wakadai malipo. Wakubwa walifanya haraka kusema kwamba wanakijiji ni wavivu au wamezoea kulipwa. Dkt. Moses Katabarwa na wenzake, waliokuwa katika kazi hiyo, walichunguza zaidi. Walikuta kwamba mara nyingi mgawaji alipewa eneo kubwa la watu asiohusiana nao, akatembea mwendo mrefu kwenda kwa ukoo usiomjua, akarudi jioni na njaa bila hata kikombe cha maji.

Walipobadilisha mambo, kila ukoo au kundi la jamaa wanaoishi pamoja ukachagua watu wake, mambo yalitengenea. Wagawaji waliongezeka, kila mmoja akawa na nyumba chache tena za karibu. Wanawake, ambao awali walikuwa wachache, waliingia kwa wingi. Madai ya malipo yalipungua, kwani mtu akimpelekea shangazi yake dawa haoni kwamba amefanya kibarua. Tena shangazi akikataa, mgawaji anajua kwa nini amekataa, na anajua ni nani katika ukoo atakayemshawishi. Ofisa aliyetoka makao makuu hawezi kujua hayo hata akiwa na digrii tatu.

Uganda haikukomea hapo. Tangu 2007 iliongeza dawa kuwa mara mbili kwa mwaka katika maeneo yake, na kuwaangamiza inzi penye uwezekano. Leo maeneo mengi yaliyokuwa na usubi nchini humo yamesimamisha dawa kwa kuwa haihitajiki tena. Mnamo Januari 2025, Niger ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kuthibitishwa na WHO kuwa imeutokomeza usubi.

Haya si ya kila mahali. Kule Mahenge, Tanzania, dawa imegawiwa kwa zaidi ya miaka 20 na usubi bado umo, pamoja na kifafa ambacho wataalamu wanakihusisha nao. Mahali ambapo inzi ni wengi mno, mara moja kwa mwaka haitoshi.

Yaliyoonekana Kwale

Turudi Kenya, na kwa yule kijana wa Mwea aliyeuliza habari za watu wazima. Tangu 2012 nchi yetu imekuwa na mpango wa kitaifa wa kuwapa wanafunzi dawa za minyoo shuleni. Ni mpango mzuri na wa gharama ndogo, kwa kuwa mwalimu yupo na watoto wamekusanyika. Lakini shule ina mlango, na mkulima hapiti mlango huo. Safura huwapata sana watu wazima wanaofanya kazi ya shamba.

Kati ya 2015 na 2017, watafiti walifanya uchunguzi mkubwa katika Kaunti ya Kwale ulioitwa TUMIKIA. Maeneo 120 yaligawanywa katika mafungu matatu kwa bahati nasibu. Fungu la kwanza lilipata dawa ya albendazoli shuleni pekee mara moja kwa mwaka. La pili lilipata mara moja kwa mwaka, lakini kwa watu wote, wahudumu wa afya wa kujitolea wakipita nyumba kwa nyumba katika vijiji vyao wenyewe. La tatu lilifanyiwa hivyo hivyo, ila mara mbili kwa mwaka.

Baada ya miaka miwili, katika fungu la shule, wenye safura walipungua kutoka asilimia 18.6 hadi 13.8. Katika fungu la pili walishuka kutoka asilimia 17.9 hadi 8.0. Katika la tatu walishuka kutoka 20.6 hadi 6.2. Ndugu msomaji, tembe zilikuwa zile zile. Kilichobadilika ni mlango uliobishiwa, na aliyebisha. Baadaye kaunti kadhaa za magharibi, zikiwemo Vihiga, Kakamega na Bungoma, zilianza pia kugawa dawa kwa jamii nzima.

Kwa upande wa matende, Pwani ilianza kugawa dawa kwa watu wengi mwaka wa 2002, kuanzia Kilifi. Kisha ikaja miaka mitupu, fedha zikakosekana, dawa haikugawiwa. Ugonjwa uliendelea kupungua hata hivyo, na vyandarua vya malaria vilisaidia, kwani kule mbu wa malaria ni miongoni mwa wale wanaoeneza matende. Zanzibar ilianza mwaka wa 2001, ikagawa nyumba kwa nyumba visiwa vyote kwa miaka sita mfululizo na kusifiwa kote. Iliposimama, vipimo vya baadaye vilionyesha kwamba ugonjwa haujaisha, ikabidi dawa zirudi.

Hofu ya tembe

Je, dawa hizi zina madhara? Zina usumbufu, na ni vyema kusema wazi. Baada ya kumeza, watu wengine hupata homa, kichwa kuuma, kizunguzungu, mwasho au kichefuchefu kwa siku moja au mbili. Aghalabu haya hutokana na minyoo inayokufa, na mwenye minyoo mingi ndiye husumbuka zaidi. Watu wakiona hivyo husema dawa ni sumu, na mwaka unaofuata kijiji kizima hujificha. Mgawaji aliye jirani husaidia hapa kuliko pengine pote, kwa sababu jioni atapita kuuliza hali. Yule wa gari keshafika Nairobi.

Wako wasiopaswa kumeza. Waja wazito hawapewi dawa za matende wala za usubi, na pia mtu aliye mgonjwa mahututi. Mama aliyejifungua wiki hii hapewi ivamektini. Watoto wachanga huachwa; umri hutegemea aina ya dawa. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, ni tofauti: mja mzito anaweza kupewa baada ya miezi mitatu ya kwanza. Nayo humezwa baada ya kula, ama sivyo tumbo litalalamika.

Kisha kuna mpangilio wa dawa zenyewe. Mnamo 2018 Kenya ilianza kugawa dawa tatu za matende kwa pamoja, yaani ivamektini, albendazoli na DEC, huko Jomvu katika Mombasa na Lamu Mashariki. Mseto huo una nguvu kuliko ule wa dawa mbili. Lakini mtu mwenye usubi akimeza DEC anaweza kudhurika macho vibaya, na ndiyo sababu nchi zenye usubi haziutumii ovyo. Kenya inaweza, kwa kuwa ule usubi wa Nyanza ulimalizwa. Vivyo hivyo, sehemu za Kongo na Afrika ya Kati kuna mnyoo mwingine uitwao loa loa, na mwenye nao kwa wingi akipewa ivamektini anaweza kuzimia na hata kufa. Kwa hivyo usimtumie jamaa yako aliye Kongo tembe ulizopewa hapa ukidhani unamfanyia hisani. Na wale walionunua ivamektini ya ng'ombe wakati wa Korona, tafadhali watupe iliyobaki.

Landless na mitaa kama hiyo

Kugawa dawa mjini ni kazi ngumu kuliko kijijini, na kila aliyewahi kufanya kampeni ya chanjo anajua hilo. Ukifika mchana, wapangaji wako kazini. Ukifika usiku, lango limefungwa na keateka hakujui. Wa chumba cha tatu hamjui wa chumba cha nne. Ule ukoo wa Uganda haupo. Je, njia ya jirani imekufa tukihamia mjini?

Mimi sidhani. Mtaani kuna chama cha akina mama kinachokutana kila mwezi, kuna jumuiya za kanisa, kuna msikiti, kuna kundi la watu wa kwao wanaozikana. Huo ndio ukoo wa mjini, na anayepanga kampeni bila kuwauliza watu hao atarudi na makasha ya dawa yakiwa yamejaa. Tangu Septemba 2023 serikali imewapa kazi wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini, kila mmoja akiwa na nyumba zipatazo 100 za kuangalia. Wako Landless, wako Makongeni, wako Ruiru. Mjue wako. Mwambie ulikotoka na lini huenda huko.

Hapa nitasema neno ambalo huenda lisiwapendeze wote. "Ugawaji wa jamii" limegeuka kuwa jina zuri la kuwatumikisha maskini bure. Wahamasishaji waliahidiwa Sh5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Pesa hizo ni kidogo, na zikichelewa, kazi husimama. Wale wa Uganda waliridhika bila malipo kwa sababu walihudumia jamaa wachache, siku chache kwa mwaka. Ukimpa mama mmoja wa Landless nyumba 100, daftari, simu, mizani na maradhi kumi ya kufuatilia, hiyo ni ajira, na ilipwe kama ajira. Jambo hili limekuwa la haraka zaidi tangu mapema mwaka wa 2025, Marekani ilipokata misaada iliyokuwa ikigharimia sehemu kubwa ya kampeni hizi barani Afrika. Tembe bado zinatolewa bure na kampuni. Kuzifikisha mlangoni ndiko kunakokosa mwenye kulipa.

Wakati huo huo, mkaaji wa mji asingoje kampeni. Kama ulikulia Mwea ukicheza katika mifereji ya maji, au umefanya kazi katika mpunga, au umevua samaki ziwani, mwambie daktari hivyo hata kama hakukuuliza. Kichocho cha matumbo huweza kukaa miaka mingi kimya huku kikikausha ini. Mtu huja akitapika damu, na kila mtu hudhani ni pombe. Kipimo cha choo ni cha bei nafuu. Kipimo kimoja kikikosa mayai ya minyoo, rudia siku nyingine, kwani mayai hayatoki kila siku. Prazikwanteli haiui minyoo michanga, kwa hivyo aliyetoka majini karibuni hutakiwa kurudia dozi baada ya wiki chache.

Kwa wanawake kuna la ziada. Kichocho cha kibofu huweza kuweka mayai katika sehemu za uzazi, kikaleta vidonda, uchungu wakati wa tendo la ndoa na damu isiyo ya mwezi. Wengi hushukiwa kuwa na ugonjwa wa zinaa, wakapewa dawa zisizofaa, na nyumba zikavunjika. Vidonda hivyo pia hurahisisha maambukizi ya Ukimwi. Mama aliyekulia Kwale, Kilifi au Tana River mwenye dalili hizo ataje mto au bwawa alilokuwa akifulia. Mficha uchi hazai.

Aliyekwisha kuvimba

Tembe hazirudishi mguu uliovimba katika hali yake ya zamani. Busha hutibiwa kwa upasuaji ambao hospitali nyingi za kaunti huweza kuufanya, na mwanamume aliyejificha nyumbani miaka kumi huweza kurudi kazini baada ya wiki chache. Mguu hutunzwa kwa kuoshwa kila siku kwa sabuni ya kawaida na maji safi, polepole, bila kusugua kwa jiwe. Baada ya kuosha, ukaushwe kwa kitambaa laini, hasa kati ya vidole na ndani ya mikunjo ya ngozi, kwa maana unyevu hukaribisha ukungu, na ukungu hufungulia mlango viini vinavyoleta zile homa za ghafla na mguu kuwaka moto. Mgonjwa akiketi auinue mguu juu ya kigoda, na akilala auweke juu ya mto. Avae viatu vipana visivyombana. Homa ikianza, ngozi ikawa nyekundu na moto, asiuoshe kwa maji ya moto wala asichanjwe wembe. Apelekwe zahanati siku hiyo hiyo, kwani hapo anahitaji dawa ya kuua viini.